Sifa za Mchora Ramani

Huko Nizi, kaskazini ya Bunia, mkoani Ituri huko Kongo, katika ardhi ile ya Djugu iliyo jirani na Kilo, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1903, kanisa la kijiji aghalabu ni kuta za matofali ya kuchoma na paa la mabati. Na mvua ya alasiri inapoyapiga mabati hayo, mhubiri, hata akiwa fasaha wa kupindukia, hana budi kunyamaza, na waumini kutazamana mpaka wingu lipite. Hakuna mtu wa kulaumiwa. Mwashi alipanga tofali zake kwa timazi na pimamaji, seremala akaifunga kenchi barabara, na watu walichanga kwa kadiri ya uwezo wao. Illa hapakuwapo hata mmoja ambaye, kabla ya msingi kuchimbwa, aliketi na karatasi mbele yake akajiuliza mvua itasema nini. Mtu huyo ndiye mchora ramani, yaani msanifu wa majengo, na maadamu sehemu kubwa ya kazi yake ni kuyafikiri mambo ambayo bado hayajatokea, si ajabu husahauliwa siku ya kukata utepe.

Nami nataka kumsifu kwa mvua hiyo hiyo. Beda Amuli, aliyekuwa msanifu wa kwanza Mwafrika katika Tanzania, alipolichora Soko la Kariakoo la Dar es Salaam, ambalo Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975, hakuridhika kuwatafutia wauza nyanya na dagaa kivuli tu. Alisimamisha nguzo za zege, na kila nguzo ikafunua juu yake paa mfano wa mwavuli uliopinduliwa na upepo, ili maji yanayoanguka juu yakusanyike, yateremke, yahifadhiwe tangini chini ya ardhi. Tazama hikima hiyo! Mvua ambayo kwa jengo jingine ingekuwa adui wa kufukuzwa, hapa ilikaribishwa kama mgeni mwenye zawadi mkononi. Na mchuuzi aliyekaa chini ya miavuli ile, ambaye pengine hakupata kulisikia jina la Amuli, alistarehe katika fikira za mtu mwingine bila ya kudaiwa hata senti moja.

Kuhusu kanisa, mfano ulio karibu na watu wa Ituri ni lile la Namugongo, Uganda, maana kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni wamo Wakongo wa mashariki miongoni mwa mahujaji wanaokwenda huko kuwakumbuka mashahidi Karoli Lwanga na wenzake. Justus Dahinden, Mswisi aliyepewa kazi ya kulichora kanisa hilo lililowekwa wakfu mwaka 1975, angeweza kuleta minara ya kwao, na yamkini watu wangemshukuru. Walakini yeye aliitazama kwanza nyumba ya msonge ya Waganda, akaona namna paa lake linavyoshuka kutoka kileleni na kuwakumbatia walio ndani, ndipo akachora. Nguzo 22 zinazolizunguka jengo ni hisabu ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, hata mtu asiyejua kusoma huweza kuisoma habari yao kwa kuzunguka nje na kuhesabu.

Baada ya soko na kanisa, benki nitaipita upesi, kwani sina mafungamano nayo sana. Ni jengo lenye mitihani miwili inayopingana: yapasa mwizi alione halivunjiki, na wakati huo huo mama aliyefunga fedha zake pindoni mwa kitenge asiogope kuukanyaga mlango wake. Wasanifu wengi huufaulu mtihani wa mwizi, wakaanguka katika ule wa mama.

Wala nisije nikadhaniwa kwamba karatasi pekee yatosha. Askofu Edward Steere, yule yule aliyetuandikia sarufi ya Kiswahili, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Unguja palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likiwekwa Krismasi ya mwaka 1873. Na yasimuliwa hadi leo kwamba siku moja alipokuwa hayupo, mafundi walizisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Bado zipo, na wageni huonyeshwa. Mimi hupendezwa na nguzo zile kuliko zilizo sawa, kwa kuwa zamtaka mwenye ramani asimame mavumbini pamoja na wachanganya chokaa, awaeleze kwa ulimi wanaoufahamu, au sivyo ustadi wake wote utabaki mezani.

Basi, kwa kuwa Djugu tangu mwaka 1999 imeona nyumba zake zikichomwa vitani zaidi ya mara moja, na kila utulivu ukirudi watu huanza tena kufyatua matofali, nawaomba wazee wa makanisa na wakuu wa vijiji vya Nizi jambo dogo: kabla ya kuwasha tanuri, mwiteni mchora ramani, mkae naye kutwa nzima ya mvua chini ya mabati ya kanisa mlilo nalo sasa, kisha mlipeni.