Skripti Hii Inaendeshwa kwa Jina la Nani?

Katikati ya Januari 2012, Wakenya waliofungua tovuti za serikali walikuta ukurasa wa mtu aliyejiita direxer, mvamizi wa mtandaoni kutoka Indonesia. Tovuti 103 zilichafuliwa kwa usiku mmoja: za wizara, Polisi wa Utawala, Uhamiaji, Magereza, mabaraza ya miji. Vyombo vya habari vilizungumzia aibu. Mimi kilichonishika ni hesabu. Hakuna binadamu anayevunja kufuli 103 moja baada ya nyingine kabla jogoo hajawika. Uvamizi wa jumla wa namna hii kwa kawaida huanza na tovuti moja dhaifu, kisha mvamizi anageuka kulia na kushoto ndani ya seva ileile na kukuta majirani wote wako wazi.

Ilikuwa miaka ya mavuno kwa wavamizi. Agosti 2011 iligunduliwa hitilafu katika TimThumb, skripti ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha iliyokuwa imefungashwa ndani ya mandhari nyingi za WordPress. Kupitia hiyo, mgeni yeyote angeweza kupakia faili yake ya PHP kwenye seva na kuiendesha. Mwenye seva hakuwa na namna ya kuwazuia wateja wake kutumia mandhari mbovu. Alichoweza kuamua ni kama mmoja akianguka atawaburuta wenzake.

Tulipeleke jambo hili Nunguni, juu ya milima ya Kilungu kule Makueni, ambako Julai mtu wa mji wa Wote hapandi bila koti. Tuseme kuna shule ya upili yenye tovuti ya kutangaza karo na orodha ya vitu vya kubeba, kikundi cha wakulima wa parachichi kinachotafuta wanunuzi, na kanisa lenye ratiba ya ibada na nambari ya paybill. Hakuna kati yao atakayenunua seva nzima. Kila mmoja analipia kifurushi cha bei nafuu kwa mwaka, na mwenye seva, awe Nairobi au Ujerumani, anawabana mamia kwenye mashine moja. Ni maisha ya ploti ya vyumba vya kupanga: geti ni moja, ukuta ni wa pamoja, na swali ni kama ufunguo wa chumba chako unafungua na cha jirani.

Linux haijui tovuti ni nini. Inachojua ni watumiaji, kila mmoja na nambari yake, na kila mchakato unaokimbia ndani yake hubeba jina la mtumiaji fulani. Faili nazo zina mwenyewe na ruhusa: nani asome, nani aandike, nani aendeshe. Ulinzi wa kweli wa mashine uko hapo. Kwa hiyo skripti ikianza kukimbia, jambo la kwanza la kuuliza ni imekimbia kwa jina la nani.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa baya. Apache iliendesha PHP ndani ya tumbo lake kupitia moduli ya mod_php, na kila skripti ya kila mteja ikakimbia kwa jina la Apache yenyewe: nobody, au www-data, kutegemea aina ya Linux. Machoni pa kerneli, kiini cha Linux, skripti ya kanisa na skripti ya shule zilikuwa mtu yuleyule. Sasa angalia faili ya wp-config.php ya shule. Ndani yake nenosiri la hifadhidata limeandikwa kwa maandishi ya kawaida, na Apache ni lazima iweze kuisoma, la sivyo tovuti haifunguki. Basi skripti ya kanisa nayo inaisoma. Mstari mmoja tu unatosha:

file_get_contents('/home/shule/public_html/wp-config.php');

Na mvamizi atajuaje kwamba akaunti ya jirani inaitwa shule? Anasoma /etc/passwd, faili yenye orodha ya watumiaji wote wa mashine, ambayo kwa desturi ya Unix kila mtu anaruhusiwa kuifungua.

Kuandika kulikuwa na balaa lake. Faili za shule ni mali ya mtumiaji shule, lakini skripti inayopokea picha za siku ya michezo inakimbia kama nobody, hivyo haiwezi kuweka kitu kwenye folda ya picha. Ushauri uliosambaa kila mahali ukawa: weka ruhusa 777. Yaani mruhusu kila mtumiaji wa seva asome, aandike na aendeshe. Picha zikapakiwa vizuri, mteja akashukuru, na folda ikawa ya umma.

PHP ilijaribu kujichunga yenyewe kwa safe_mode. Kabla ya kufungua faili, PHP ililinganisha mwenye skripti na mwenye faili, ikakataa kama si mmoja. Wazo halikuwa la kijinga, ila liliwekwa mahali pasipofaa. PHP ina mamia ya amri na viendelezi vilivyoandikwa na watu tofauti, na ukaguzi ulitakiwa ukumbukwe katika kila kimoja. Kimoja kikisahaulika, geti liko wazi. Halafu skripti ya Perl iliyo kwenye seva hiyohiyo haikuwa na habari kwamba safe_mode ipo. Watengenezaji wa PHP wenyewe waliitangaza kuwa imepitwa na wakati katika toleo la 5.3 mwaka 2009, wakaiondoa kabisa katika 5.4 mwaka 2012. open_basedir, inayoifungia skripti kwenye folda fulani, bado ipo na naiunga mkono kama komeo la pili. Anayeitegemea peke yake anajidanganya.

Dawa yenyewe ilikuwa imekaa kabatini tangu 1997, Apache 1.2 ilipotoka na suEXEC. Hii ni programu ndogo inayosimama kati ya Apache na skripti, na ina mamlaka ya kubadilisha jina la mtumiaji kabla skripti haijaanza. Mamlaka hayo ni hatari, kwa hiyo waandishi wake waliifanya iwe na shaka na kila kitu. Inakagua kama aliyeiita ni Apache kweli. Inakagua kama mtumiaji anayelengwa yupo, kama si root, mtumiaji mkuu wa mashine, na kama nambari yake haiko chini ya kiwango kilichowekwa. Inakataa njia ya faili yenye nukta mbili za kurudi nyuma. Folda ya skripti ikiwa inaandikika na mtu mwingine, inakataa. Skripti yenyewe ikiwa inaandikika na mtu mwingine, inakataa. Mwenye faili asipolingana na mtumiaji anayelengwa, inakataa. Mwishowe inafuta mazingira yote iliyorithi, inabakiza vitu vichache vinavyojulikana kuwa salama, inavaa jina la mteja na kuikabidhi skripti usukani. Kulingana na maelezo ya Apache, hatua hizo ni takribani ishirini, na moja tu ikishindikana mgeni anaona kosa la 500.

Hapo ndipo 777 ilipogeuka. Mafundi wa tovuti walioizoea walihamisha wateja kwenye seva zenye suEXEC, au suPHP iliyofanya kazi ya aina hiyohiyo kwa PHP, na tovuti zikagoma kufunguka. Wakalalamika kwamba seva mpya ni mbovu. Seva ilikuwa inakataa kuendesha faili ambayo yeyote angeweza kuwa ameichezea. Na chini ya utaratibu mpya 777 haikuwa na kazi tena: skripti inakimbia kama shule, folda ni ya shule, 755, isiyowaruhusu wengine kuandika, inatosha. Zuri zaidi, wp-config.php sasa inaweza kupewa 600, ikasomwa na mwenyewe peke yake, maana Apache haina tena haja ya kuifungua.

Kilichobaki kilikuwa kasi. Kuanzisha mchakato mpya wa PHP kwa kila ombi ni kazi nzito, na wenye seva waliogopa bili ya vifaa kuliko walivyoogopa wavamizi. PHP-FPM, iliyoingizwa rasmi ndani ya PHP 5.3.3 mwaka 2010, ilipatanisha mambo hayo. Kila mteja anapewa kundi lake la michakato, lenye jina lake, inayobaki hai na kupokea ombi baada ya ombi. Lakini piga hesabu: wateja 300, kila mmoja na michakato mitano, kila mchakato megabaiti 40. Hizo ni gigabaiti 60 za kumbukumbu, nyingi zikisubiri wageni ambao hawaji. Ndiyo maana kwenye seva za pamoja makundi huwekwa katika hali ya ondemand: mchakato unazaliwa ombi likija na unaondolewa ukikaa bure kwa sekunde kadhaa. Mgeni wa kwanza wa asubuhi anasubiri kidogo. Kwa tovuti ya kikundi cha parachichi, hilo si neno. Fundi makini atakumbuka pia kwamba makundi yaliyo chini ya mchakato mkuu mmoja yanashiriki OPcache, hifadhi ya skripti zilizokwisha kutafsiriwa, na kwamba kuna mpangilio wa kukagua ruhusa ya kusoma uitwao opcache.validate_permission, ambao kwa kawaida huja umezimwa.

Wengi walidhani kazi imeisha hapo. Wavamizi hawakudhani hivyo. Apache yenyewe bado inakimbia kama nobody, na bado inasoma faili za kila mteja ili iwapelekee wageni picha na kurasa za kawaida. Basi mvamizi aliyeingia kupitia tovuti ya kanisa anatengeneza kiungo (symlink) ndani ya folda ya kanisa, anakiita soma.txt, na kukielekeza kwenye wp-config.php ya shule. Kisha anafungua kivinjari na kuomba soma.txt kama mgeni wa kawaida. Apache inaona faili ya maandishi, inafuata kiungo, na kama shule iliacha faili yake na ruhusa ya 644, inayomruhusu kila mtu asome, inampa yote, nenosiri likiwemo. PHP haijahusika popote. Miaka hiyo zilizagaa skripti zilizosoma /etc/passwd na kutengeneza viungo vya aina hii kwa kila akaunti ya seva kwa mpigo mmoja.

Apache ina chaguo la SymLinksIfOwnerMatch, linalofuata kiungo pale tu mwenye kiungo na mwenye faili ni mmoja. Tatizo ni kwamba kukagua na kufungua ni hatua mbili. Katikati yake kuna mwanya mfupi mno, na programu inayobadilisha kiungo maelfu ya mara itaupata mwanya huo. Maelezo rasmi ya Apache yanakiri kwamba chaguo hili lisihesabiwe kuwa kinga.

Kwa hiyo kazi ikateremshwa hadi kwenye kerneli. CloudLinux, aina ya Linux iliyotolewa 2010 ikiwalenga wenye seva za pamoja, ilifanya ukaguzi wa viungo ufanyike ndani ya kerneli, pale pasipo na mwanya. CageFS yake inampa kila mteja mfumo wa faili unaoonekana kama wa peke yake: mtumiaji shule akisoma /etc/passwd hawaoni majirani. Upande wa matumizi, kila akaunti inawekewa kikomo cha prosesa, kumbukumbu na idadi ya michakato, kazi ambayo Linux ya kawaida inaifanya kwa cgroups, zilizoingia kerneli 2.6.24 mwaka 2008. Wazazi wote wakiifungua tovuti ya shule siku ya kufungua muhula, shule itaona kosa la 508 na kanisa litaendelea kama kawaida. Shule itanung'unika, nami naona ni haki.

Kerneli yenyewe inabaki kuwa ya wote. Oktoba 2016 ilitangazwa hitilafu ya Dirty COW, iliyokuwa imejificha ndani ya Linux tangu 2007, iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujifanya root. Seva ambayo haikusasishwa mapema, ukuta wake wa ndani ulikuwa wa karatasi.

Mteja wa Nunguni anaweza kuijua hali ya seva yake bila kuuliza mtu. Aweke skripti ya PHP inayotengeneza faili tupu, aifungue kwenye kivinjari mara moja, kisha aangalie faili hiyo mpya ni ya nani. Asitumie get_current_user(), kwa sababu amri hiyo inataja mwenye skripti wala haitaji mtumiaji anayeiendesha, na itampa faraja ya uongo. Faili isipotokea, au ikiwa ya nobody au www-data, ahame. Ikiwa na jina la akaunti yake, seva inafanya kazi yake, na skripti ya majaribio ifutwe.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo jaribio hilo haliwezi kulifichua, na kwa maoni yangu ndilo linaloumiza zaidi miji midogo. Nilisema kila mmoja analipia kifurushi chake, lakini kwa kawaida shule, kikundi na kanisa hawakinunui wenyewe. Wanamlipa kijana mmoja mjini anayejua kutengeneza tovuti, naye, ili apate faida, ananunua akaunti moja na kuongeza domeni za wateja wake wote ndani yake. Zote zinakaa chini ya mtumiaji mmoja. suEXEC itakagua na kuridhika, PHP-FPM itavaa jina sahihi, CageFS itafunga mlango huku wote wakiwa ndani. Programu-jalizi moja ya kanisa ikipitwa na masasisho, orodha ya wanafunzi iko mikononi mwa mvamizi, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni shule itakayotakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kampuni nyingi za upangishaji huuza kifurushi cha wauzaji wa kati (reseller), ambacho kinampa fundi uwezo wa kufungua akaunti tofauti kwa kila mteja, yenye jina lake na kikomo chake. Gharama yake ni kubwa kidogo kuliko ya akaunti moja, na bodi ya shule inaweza kuliandika sharti hilo kwenye mkataba kabla ya kulipa: akaunti iwe ya shule peke yake, na nenosiri lake liwe mikononi mwa shule.