Mbwa Walivyogeuka Nyani

Mtu wa Ganako, huku Karatu, haelezwi nyani ni nani. Anamjua kwa hasara. Mahindi yakishabeba, lazima pawe na mtu wa kulinda shamba, hasa kwa waliopakana na msitu wa Ngorongoro, na mlinzi akisinzia kidogo tu, mistari miwili imekwisha. Nyani ana vidole. Ana uso. Ukimfukuza hukimbia hatua chache, akageuka, akakukazia macho kama mtu anayesubiri jibu. Ndiyo maana naamini msomaji wa huku anakipata kuliko wengi kile kipande cha Adili na Nduguze, riwaya ya Shaaban Robert, ambapo Adili, mtawala wa Janibu anayesifiwa kwa upole, anaingia chumbani usiku, anawachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha analia.

Kipande hicho Shaaban hakukibuni. Kinatoka katika Alfu Lela Ulela, kwenye kisa cha Abdullah bin Fadhil, liwali wa Basra, na nduguze wawili. Mkusanyo huo ulitoka kwa Kiswahili mwaka 1929, kwa tafsiri ya Edwin Brenn na Frederick Johnson. Ila katika kisa cha zamani wanaochapwa ni mbwa. Hapo ndipo ningependa kila anayetaka kuandika riwaya za ajabu aweke kitabu chini kwanza, afikiri.

Mbwa katika mji wa Waislamu wa pwani ameshahukumiwa kabla hajafanya kosa. Akipigwa usiku, jirani hafungui hata dirisha. Nyani akipigwa, mtu anashtuka, kwa sababu ile mikono anayojikingia anaijua. Shaaban kabadilisha mnyama mmoja tu, na swali limejiuliza lenyewe: ndani ya ngozi hii kuna nani? Hakulazimika kuandika sentensi hata moja ya kuuliza. Tena juu ya Adili kamweka mfalme Rai, mpenda wanyama, ili kipigo kile kisiwe siri tu, kiwe na kosa. Na anayechungulia ni Ikibali, mtu aliyetumwa kufuata kodi. Hakuna mchawi, hakuna mpelelezi. Ni mtu wa serikali aliyelala ugenini, usingizi ukamkatikia.

Wapo wanaolalamika kwamba majina ya Shaaban yanamaliza hadithi mapema. Ndugu wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Mtu ukishapewa jina hilo utafanya nini tena? Lalamiko lina haki yake, nami nimelisikia darasani mara nyingi. Lakini fuateni mwisho. Katika kisa cha Basra, ndugu wakisharudishiwa umbo la binadamu wanarudia uovu wao, na malipo yao ni kifo. Shaaban anawaachia toba. Aliyeitwa Hasidi anatoka nje ya jina lake. Basi majina yale, ambayo tulidhani ni uvivu wa mwandishi, yalikuwa mtego, na aliyenaswa ni msomaji aliyejiona mjanja.

Kitabu hicho kilitoka 1952. Mwaka mmoja kabla kilikuwa kimetoka Kusadikika, nchi iliyo angani, na wahakiki wengi wameona humo alama za Gulliver wa Jonathan Swift, ambaye naye alikuwa ameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Sawa. Ila Gulliver anasafiri na kushangaa, Karama, shujaa wa Kusadikika, yuko kizimbani. Kosa lake ni kutaka elimu ya sheria ifundishwe, na utetezi wake ni masimulizi ya wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema ya nchi, wakarudi wakafungwa. Kuandika hivyo chini ya serikali ya kikoloni, kitabu kikapita, ni kazi ya mtu anayejua umbali wa kuipeleka nchi yake: mbali ya kutosha isikamatwe, karibu ya kutosha itambulike.

Na mtu huyu hakuishi kwa kalamu. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha. Nikifikiria, naona inafaa: mtunzi wa nchi zisizo kwenye ramani, mchana kutwa anaandika orodha ya mizigo inayotoka nchi zilizomo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Tanga, akaanza kutoa vitabu mwenyewe kwa jina la Art and Literature. Masomo Yenye Adili ni kimojawapo. Alifariki 1962 na miswada yake mingine ingali haijachapwa. Kufikirika ilitoka 1967, Utubora Mkulima mwaka uliofuata.

Kijana wa Ganako anayetaka kuandika riwaya ya namna hiyo hana haja ya kwenda Basra. Wairaqw wa huku wana Looaa, mungu wa kike ambaye jua ni lake, na wana neetlaamee, pepo wa kiume wa majini, wenye chemchemi na mito. Ngano za Kiiraqw alizikusanya Mjerumani Paul Berger miaka ya 1930, zikaja kutoka kitabuni 1998 huko Köln kwa uhariri wa Roland Kießling. Za Wahadzabe, kule bondeni Eyasi, alizichukua Ludwig Kohl-Larsen miaka hiyohiyo, akazichapa kwa Kijerumani. Inauma kwamba mtoto wa Karatu akizitaka hizo za Kohl-Larsen kama alivyozichapa ajifunze kwanza Kijerumani, lakini bibi yupo, na bibi hadai ada. Kazi iliyobaki ndiyo ngumu: pepo wa chemchemi akiingizwa kitabuni vilevile alivyo, hiyo ni kumbukumbu. Ili awe riwaya, ni lazima kitu kimoja kibadilike, na mwandishi ajue kwa nini ni hicho.

Wazee wa Kiiraqw wana darasa jingine pia, slufay. Ni kisomo kirefu cha dua na baraka. Mzee mmoja anaongoza kwa sauti na waliokusanyika wanampokea, naye lazima ajue wapi akaze, wapi apumue, wapi awaachie wengine nafasi. Mwandishi anayejichapia vitabu angejifunza hapo zaidi kuliko kwenye semina, maana siku moja atasimama mbele ya watu.

Siku hiyo kwa sasa iko Nairobi, kwenye maonyesho ya vitabu au NAICCON, mkutano wa wapenzi wa katuni na hadithi za ajabu, ambako vijana huja wamevaa mavazi ya mashujaa wao. Kutoka Karatu ni gari la Noah au basi hadi Arusha, kisha Namanga. Boksi la vitabu ni zito kuliko linavyoonekana. Bora maboksi mawili madogo yanayobebeka kwa mkono mmoja mmoja. Mpakani utaulizwa ni vya nini, na karani wa forodha atafungua kimoja. Mwache asome, huenda naye ana mswada mezani kwake. Bei iandikwe kwa shilingi za Kenya, kwa tarakimu kubwa, kwa sababu mtu mwenye haya haulizi bei, anapita. Laini ya Kenya ya kupokelea pesa iwe imeshasajiliwa, na chenji iwepo kwa mteja wa kwanza. Kalamu ya kutia sahihi ijaribiwe kwenye karatasi ya kitabu chenyewe, maana karatasi za bei nafuu hunywa wino.

Halafu ukurasa wa kusoma. Wengi huchagua ule wanaoupenda, wenye mandhari na jua likizama, na ukumbi unaanza kutazama simu. Chagueni kwa kumfuata Shaaban: mtu mpole, mjeledi, usiku, manyani wawili, jicho la mgeni mlangoni. Usomwe kwa sauti nyumbani, mbele ya mtu asiyependa vitabu, mpaka ijulikane pumzi inaishia wapi. Na jukwaani uishie pale mgeni anapochungulia. Atakayetaka kujua waliochapwa ni akina nani, kitabu kipo mezani na bei imeandikwa.