Mfuko wa Lakunle

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza na tayari ana daftari la maneno magumu: ishirini kila siku, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Sasa ghafla baiolojia, jiografia, kila kitu Kiingereza, basi anakariri. Nilitaka kumcheka nikakumbuka langu. Kuna insha niliandika kwamba bibi yangu "perambulated" kwenda gengeni kununua nyanya. Nikapewa vema kubwa nyekundu.

Aliyenizindua ni Lakunle, yule mwalimu wa kijijini katika The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, tamthilia iliyochezwa Ibadan mwaka 1959 na ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari. Anamtaka Sidi, ila mahari hataki kulipa. Sidi anapomkazania, jamaa anamwaga vivumishi mfululizo kuiponda mahari. Alipotua, Sidi anamuuliza kama mfuko umekwisha. Naye anajitetea kwamba ana kamusi fupi tu, ile ndefu ameshaagiza!

Darasani tulicheka tukapita. Niliporudia kuisoma ndipo nikaona: katikati ya matusi yale kuna "remarkable". Jamani, hilo si tusi, ni sifa. Limejipenyeza, nadhani, kwa sababu linaanza kwa sauti ileile ya maneno yaliyo jirani yake. Soyinka anamnasa mtu aliyekariri orodha bila kuyaonja maneno, na anamnasa kwa neno moja tu.

Hata hivyo nina ugomvi na tamthilia hii. Kwa kuwa Lakunle ndiye anachekwa, mwanafunzi anaweza kutoka akidhani kosa ni kujua maneno mengi. Si kweli. Baroka naye anayo kibao, tena mazito. Tofauti ni kwamba anajua anaongea na nani. Anamwambia Sidi habari za stempu zenye picha yake, na Sidi, anayeupenda uzuri wake mwenyewe kuliko chochote, anatulia kusikiliza.

Juzi nilimwambia mpwa wangu aache ishirini, achague matatu, kila moja alitungie sentensi juu ya mtu anayemfahamu. Akaniletea "reluctant": konda wa daladala anaporudisha chenji. Yaani hata mimi nisingelipatia hivyo.

Jioni nikamkuta kainamia daftari tena. Ijumaa wana jaribio la maneno mia moja.