Uso wa Nyumba na Ndani Yake

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii hutumiwa sana kuwapima watu, lakini ni nadra kutumiwa kuzipima nyumba zenyewe. Laiti ingetumiwa hivyo, huenda wasingekuwapo wasemao kwamba msonge wa Karagwe ni kibanda tu, kisicho na usanifu kwa kuwa hakina uso.

Kipimo cha hukumu hiyo kimetoka mbali. Mjini Bath, Uingereza, ipo safu ya nyumba iitwayo Royal Crescent, iliyojengwa kati ya 1767 na 1774 kwa mchoro wa John Wood mdogo. Nyumba 30 zimeungana ukuta kwa ukuta katika umbo la hilali, na nguzo 114 zimepangwa mbele yake hata mtazamaji hudhani aona jumba moja la mfalme. Lakini azungukaye nyuma hukuta paa zisizolingana na kuta zilizotokeza huku na huku. Kwani Wood aliamuru uso tu, na kila mpangaji wa kiwanja akajijengea ndani kama alivyopenda.

Msonge hufuata kanuni iliyo kinyume. Paa lake la nyasi hushuka toka kileleni hata karibu na ardhi, likawa ndilo ukuta. Kwa nje hauna la kujionyesha, na migomba ya kibanja huusitiri. Mpango wote umo ndani: nguzo, viambaza vya matete, mahali pa moto, pa kulala na pa mifugo, na nyasi zilizotandikwa sakafuni.

Si haki, hata hivyo, kuutukuza msonge na kuusahau moshi wake, giza lake na hatari ya moto. Wala si haki kuudharau uso wa Bath kuwa ni hadaa tupu: uso ule ni mapatano, ambayo kwayo wenye nyumba 30 waliacha kushindana mbele ya macho ya watu.

Basi ajengaye leo kando ya barabara ya Kihanga, akaanza na uso wa duka ili ampite jirani, ameichukua safu bila mapatano yake, na kuuacha msonge pamoja na mpango wake. Hasara hiyo ni mara mbili, wala haifidiwi kwa rangi.