Mizani ya Luthuli: Kuusoma Mtaa kwa Miguu

Msafiri wa Kabazi, kituo cha biashara karibu na Nakuru, afikaye Nairobi kununua spika au redio huelekezwa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme unaounganisha Tom Mboya Street na River Road. Mtaa huu ulipangwa upya mwaka 2019, serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi ikishirikiana na UN-Habitat, na umbo lake jipya linastahili kusomwa kwa utulivu uleule tunaolisomea shairi.

Mbinu yake kuu ni udondoshaji. Kama mtunzi anavyodondosha silabi ili mshororo ukae sawa, wasanifu waliondoa steji za matatu, wakayaachia magari leni moja iendayo upande mmoja, kisha nafasi iliyopatikana wakaigawia kingo mbili. Awali mwenda kwa miguu alikuwa kishazi tegemezi, akipenya palipobaki baina ya ubavu wa matatu na mlango wa duka. Sasa ndiye kiima, na gari halina budi kukubaliana naye, kama kitenzi kinavyokubaliana na kiima chake.

Kingo hizo ndizo ukwapi na utao wa mtaa, yaani vipande viwili vya mshororo mmoja, na leni ni mkato mwembamba unaozitenga bila kuzitenganisha. Uakifishaji nao ni wa kiasi: vigingi vifupi vimesimama mahali ambapo jicho na mguu hupita, ila gurudumu huzuiwa. Benchi ni vituo. Nilimtazama mbebaji mwenye kasha la televisheni begani: alilitua kwenye benchi, akafuta jasho, akalihamishia bega la pili, akaendelea, na nyuma yake hakuna aliyelazimika kusimama. Pumzi ilipatikana na mizani haikuvunjika. Ndiyo kazi ya kituo kilichowekwa mahali pake.

Funzo hili linamfuata msafiri wetu hadi kwao: Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na vituo vya biashara vinavyoizunguka, Kabazi ikiwemo, vitaendelea kuandika mitaa yao. Luthuli inavifunza mpangilio wa utunzi: kwanza upimwe upana wa mama atokaye sokoni na kiroba cha viazi mgongoni, akipishana na mwenzake mwenye mzigo kama wake; upana huo ukishatimia, ndipo ipimwe njia ya gari.