Gundi, Mkasi na Ubao wa Magurudumu

Msomaji mwenzangu, niseme ukweli kwanza. Mswada wa riwaya yangu una miezi minane kwa mchapishaji mmoja hapa mjini, na kila nikienda naambiwa nirudi mwezi ujao. Siku moja natoka huko nimenuna, mshikaji wangu akanionyesha kwenye simu picha za vijarida vya zamani vya vijana wa Marekani waliocheza skeitibodi, ule ubao wenye magurudumu manne. Nilitaka kucheka, nikaishia kukesha.

Historia kidogo ili twende sawa. Miaka ya 1970 mchezo huu ulipamba moto California, baada ya magurudumu ya yurethani yanayoshika barabara vizuri kuingia madukani. Vikajengwa viwanja vya zege vya kulipia. Kisha gharama za bima zikapanda, wachezaji wakapungua, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanja vingi vilikuwa vimefungwa. Jarida kubwa la mchezo, SkateBoarder, lilibadilishwa jina mwaka 1980 likawa Action Now, likachanganya na michezo mingine, na muda si mrefu likafa. Thrasher lilianza San Francisco mwaka 1981, sawa. Lakini kijana wa mji wa mbali na bahari, nani angemwandika?

Alijiandika mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1981, Garry Scott Davis wa Cincinnati, Ohio, alianza kutoa Skate Fate. Vikafuata vingine chungu nzima, mji huu na ule. Zana zilikuwa taipu, mkasi, gundi na fotokopi. Karatasi inakunjwa katikati, inabanwa pini, inatiwa kwenye bahasha na kupelekwa posta kwa mwenye kijarida cha mji mwingine, naye anakutumia chake. Mtindo huu hawakuubuni wao. Wapenzi wa hadithi za kisayansi Marekani walikuwa na vijarida vyao tangu miaka ya 1930, na wapenzi wa muziki wa punk London walikuwa na Sniffin' Glue mwaka 1976.

Sasa tuvipime kama maandishi, tusioneane haya. Mengi ni mabovu. Tahajia ni vurugu, picha zimetoka nyeusi kama lami, na wasichana ni wa kutafuta kwa tochi. Hapo siwatetei.

Lakini wana kitu kimoja ambacho sisi waandishi chipukizi hatuna: wanajua wako wapi. Wanaandika juu ya ukingo wa barabara nyuma ya duka, rampu ya mbao iliyopigiliwa uani kwa mtu, na mlinzi anayewafukuza. Hawajifanyi wako California. Mimi nimeandika sura nzima inayotokea kituo cha basi bila kutaja kituo gani! Nilidhani nikificha jina, riwaya itakuwa ya dunia nzima. Kumbe nimeandika kituo ambacho hakuna basi linalosimama.

Kuna kosa moja linaloniuma zaidi ya tahajia. Kurasa nyingi hazina tarehe, na watu wametajwa kwa majina ya kijiweni tu. Walidhani wote watakaosoma wanawajua. Kwa miezi miwili ilikuwa kweli. Leo huwezi kujua nani aliruka nini, mwaka gani. Maskani imevunjika, na shahidi pekee hataki kusema siku ilikuwa ipi.

Bahati nzuri wapo waliovichukulia kwa uzito. Mike Gunderloy alianzisha Factsheet Five mwaka 1982, jarida la kuhakiki vijarida vya watu wadogo na kuwapa wasomaji anwani za kuviagizia. Mkusanyiko wake ulihifadhiwa katika Maktaba ya Jimbo la New York, mjini Albany.

Mtu ataniambia: mbona Davis baadaye alifanya kazi TransWorld Skateboarding, jarida la madukani? Si inaonyesha kijarida ni ngazi ya kupandia? Sikubaliani. Ukiandika huku unamchungulia mhariri mkubwa, utaandika anachokitaka yeye. Kurasa bomba za vijana wale ziliandikwa kwa watu ishirini ambao wangejua papo hapo kama umedanganya. Huo ndio uhakiki mkali kuliko wote, na mimi sijawahi kuukabili.

Kwa hiyo wiki hii nimeiandika upya sura ya tatu. Kituo sasa ni Magomeni Mapipa, na tarehe iko juu ya ukurasa. Nitatoa kopi ishirini pale steshenari, nizibane pini, niwape makondakta na wauza maji wa palepale. Wakisema nimekosea, nitasahihisha. Mswada wa mchapishaji acha ukae.

Nawe una nini kwenye daftari lako? Kazi kwako.