Ufundi wa Kupima Kivuli

Mgeni anayepanda Marangu, Machame au Kibosho huweza kudhani kwamba anakatisha msitu. Migomba imeshonana, miti mirefu imefunga anga, na nyumba haionekani mpaka ufike mlangoni. Lakini msitu huo una wenyewe. Kila mti uliosimama umesimama kwa sababu kuna mtu aliyeupanda, au aliyeukuta umejiotea akaamua ubaki. Hicho ndicho kihamba, bustani ya nyumbani ya Wachaga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro kati ya takriban mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Kihamba hulimwa kwa kwenda juu. Juu kabisa kuna miti ya mringaringa na mfuruanje. Chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi na mboga. Viazi vikuu huparamia mashina ya miti. Msesewe nao una nafasi yake, kwa kuwa gome lake ndilo linaloipa mbege, pombe ya ndizi, uchungu. Eneo lisilofika hata hekta moja hutoa chakula, kuni, mbao, dawa, majani ya ng'ombe na kahawa ya kuuza.

Kupanda vyote hivyo si kazi ngumu sana. Kazi ni kuvipatanisha, maana vyote vinataka jua, na jua ni lilelile moja. Kwa hiyo fundi wa kihamba hujulikana zaidi kwa anachokata. Hupogoa matawi ya juu mvua zinapokaribia, mwanga ushuke. Kiangazi huyaacha yakinge. Mbuni ukikosa kivuli huchoka mapema, ukizidiwa nacho hukataa kuzaa. Kipimo cha katikati hakimo katika kitabu chochote. Kimo katika jicho la mtu aliyeutazama mti huo mmoja misimu mingi.

Mgomba nao una hesabu yake. Shina moja huleta machipukizi mengi, na mlafi akiyaacha yote huambulia mikungu midogo. Mjuzi hubakiza vizazi vitatu: mama mwenye mkungu, mtoto anayekua, na mjukuu anayechomoza. Akichagua mjukuu, anachagua pia upande, kwani miaka ikipita shina la mgomba huhama kidogo kidogo kuelekea chipukizi lililoachwa. Mkungu ukishakatwa, gogo hupasuliwa likaliwe na ng'ombe zizini, majani makavu hutandazwa ardhini, na samadi ya zizi hurudi kwenye shimo la mgomba. Ni kidogo sana kinachopotea.

Halafu kuna mifereji. Wasafiri wa Ulaya waliofika karne ya 19 waliikuta tayari, ikichota maji mabondeni na kuyazungusha kwenye kingo za milima hadi vihambani. Ilichimbwa bila vyombo vya upimaji. Mfereji ukiinama mno, maji hula kingo. Ukilala mno, tope huujaza. Waliouchimba walipata mwinamo wa kati, na waliowafuata wakaweka utaratibu: zamu za maji na siku za kuzibua kwa pamoja.

Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na wengi huitazama wakihofia mifereji. Hofu hiyo ingefaa ielekezwe chini kidogo, kwenye msitu, kwa sababu maji mengi ya mlima huo hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na miti. Kihamba kinaifanya kazi hiyohiyo kwa kipimo chake. Tone la mvua huvunjwa nguvu tabaka kwa tabaka kabla ya kugusa udongo, jua kali halifiki kwenye mizizi, na mboji hushika unyevu siku za ukame. Mtafiti Andreas Hemp alihesabu vihambani zaidi ya aina 500 za mimea, nyingi zikiwa hazikupandwa na mtu.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo huu kupitia eneo la Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Hata hivyo, urithi wa nyumbani unaukata vipande: baba hugawia wana, wana nao hugawa tena, mpaka kihamba hakitoshi kulisha kaya. Bei ya kahawa ilipoanguka, wapo waliong'oa mibuni na kuangusha miti ili walime mboga juani. Hawakukosea hesabu ya mwaka ule. Ada ya shule haingoji mringaringa ukomae.

Sasa kilimo mseto kinahubiriwa kila mahali kama dawa ya mabadiliko ya tabianchi, na miche hugawiwa kwa maelfu. Ni vyema. Ila anayeiga tabaka za kihamba bila kujifunza kupogoa, kupunguza machipukizi na kungoja zamu ya maji, baada ya miaka kumi atakuwa na kichaka. Miche na igawiwe, lakini wazee wenye jicho la kivuli nao waajiriwe kufundisha, wakiwa bado wana nguvu ya kushika panga.